Ukiacha Shirika Unalolipenda na Kwenda Kazi ya Mazingira

Swali hili nimeulizwa mara nyingi katika miezi hii kuliko miaka yote iliyopita. Linanifikia baada ya misa, kwenye lango la UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na usiku kwa simu kutoka kwa mtu anayenong'ona ili wenzake wa nyumba wasisikie: "Yaya, nimepata nafasi kwenye idara ya mazingira ya mgodi. Lakini shirika letu, hii asbl, nalipenda. Nifanye nini?"

Naelewa kwa nini wanaouliza wameongezeka. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Hata shirika ambalo halikuwahi kupokea dola moja ya USAID limejikuta likipiga foleni kwa wafadhili wale wale pamoja na waliofungiwa. Upande wa pili, sheria ya migodi ya Kongo iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 imeziongezea kampuni wajibu wa mazingira na wa vijiji vinavyozizunguka, na wajibu huo unahitaji watu wa kuutekeleza. Mtu aliyezoea kuketi chini ya mwembe na wanakijiji na kuandika ripoti usiku huohuo anatafutwa.

Mimi nilikaa kwenye asbl moja miaka 11, kisha nikaingia mgodini. Baadhi ya mambo niliyafanya vizuri. Jambo moja nililifanya vibaya sana, na nitalisema mbele, kwa sababu sitaki ulirudie.

Kwanza, ni mazingira gani?

Hapa Lubumbashi neno "mazingira" linafunika kazi zisizofanana. Kabla ya kupeleka CV, jua unaingia mlango upi.

- Idara ya mazingira ya kampuni ya madini. Unapima maji, vumbi na udongo, unakagua mabwawa ya mabaki, unaandika ripoti, unapokea malalamiko ya vijiji. Mara nyingi mshahara unazidi ule wa asbl, na uhuru wa kusema unapungua.
- Ofisi za washauri zinazoandika EIES, yaani utafiti wa athari kwa mazingira na jamii. Mikataba ni mifupi, safari ni nyingi, na anayekulipa ndiye unayemchunguza. Hali hiyo inataka moyo mgumu.
- Serikali: ACE (wakala wa mazingira), iliyoundwa kwa dekree ya Novemba 2014, idara ya ulinzi wa mazingira ya migodi DPEM, na ofisi za mkoa. Hapa una mamlaka ya kisheria. Uliza kuhusu gari, mafuta na maabara kabla ya kufurahia cheo.
- Hifadhi: ICCN (taasisi ya taifa ya hifadhi) katika Upemba, hifadhi iliyoanzishwa 1939, na Kundelungu, iliyoanzishwa 1970, pamoja na mashirika yanayosaidia hifadhi hizo. Familia itakaa mbali nawe, na swali la usalama ulijadili na mwenzako wa ndoa kabla ya kulijadili na mwajiri.
- Misitu ya miombo: mashamba ya miti ya makala, misitu ya jamii, majiko yanayopunguza makala. Kati ya kazi zote hizi, hii ndiyo inayokaribia zaidi maisha ya asbl.

Wengi wanaoniuliza wanaelekea mlango wa kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo.

Nani asubiri kwanza

Usiondoke sasa kama sababu yako kubwa ni mojawapo ya hizi:

- umegombana na mkurugenzi, na hasira haijapoa;
- mshahara umechelewa miezi miwili, lakini mkataba mpya wa mfadhili umeshasainiwa;
- rafiki yako amenunua gari;
- unadhani ndani ya kampuni utafichua siri zao na kuwapelekea wenzako wa zamani. Ukiingia na nia hiyo utawadanganya watu kila siku, na utawaponza wengine pamoja nawe. Anayetaka kupambana na kampuni kutoka nje abaki nje, na apambane wazi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Tunapoitwa kwenye mahojiano ya kazi tunajibu maswali na kusahau kuuliza. Huo ndio mwanzo wa majuto mengi. Beba daftari, uulize haya:

1. Idara ya mazingira inaripoti kwa nani? Kama mkubwa wako ni mkubwa wa uzalishaji, jua kwamba siku ripoti yako itakapogongana na tani za shaba, yeye ndiye atakayeamua. Ni afadhali idara iwe na njia ya moja kwa moja hadi kwa mkurugenzi mkuu.

2. Nikikuta maji yanayotoka yamepita kipimo, ninaweza kusimamisha nini, mimi mwenyewe, saa hiyohiyo? Waombe wakueleze mara ya mwisho jambo hilo lilipotokea, na aliyetoa amri.

3. Naweza kusoma EIES na mpango wake wa usimamizi, PGES, kabla ya kusaini? Utaajiriwa kuutekeleza mpango huo. Kampuni inayokuficha wakati huu haitakufungulia baadaye.

4. Mkataba wa ahadi na vijiji, cahier des charges, umesainiwa? Mradi gani umekamilika, na upi umekwama? Uliza pia juu ya ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria ya 2018 inataka iende kwenye maendeleo ya jamii: chombo cha kuisimamia kimeshaundwa? Wawakilishi wa vijiji wamo?

5. Sampuli zinapimwa wapi? Kama zote zinapimwa katika maabara ya kampuni tu, uliza ni lini mara ya mwisho maabara ya nje ilipima maji yaleyale ili matokeo yalinganishwe.

6. Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi? Jaribu kumpata huyo mtu. Nusu saa naye, mbele ya chupa mbili za maji baridi, itakufundisha kuliko tangazo lote la kazi.

7. Ratiba ya kukaa kambini ikoje? Siku ngapi mgodini, siku ngapi nyumbani, na nani analipa usafiri?

Andika majibu usiku huohuo kabla hayajachanganyika kichwani. Kama swali la kwanza na la pili yamejibiwa kwa "tutaona ukishafika", mimi nakushauri usiende. Afisa wa mazingira asiyeweza kusimamisha hata pampu moja ameajiriwa kupamba ripoti, na siku maji yatakapoingia mashambani jina lake ndilo litakalokuwa chini ya karatasi.

Najua utaniambia: "Yaya, nikiuliza hivyo hawatanichukua." Wengine hawatakuchukua, ni kweli. Uliza kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuifanya kazi vizuri. Mkubwa wa idara aliye makini anapenda maswali haya, kwa sababu yeye mwenyewe anapigana na mambo hayohayo kila wiki. Atakayekasirika amekuonyesha mapema jinsi mtakavyoishi.

Pesa na karatasi

Hapa nitapita haraka, lakini usiruke hata kimoja.

- Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kushika mkataba mpya uliosainiwa na pande zote mbili. Ahadi ya simu si mkataba, na barua pepe ya "hongera" nayo si mkataba.
- Tenganisha mshahara na posho. Kampuni itakutajia jumla. Uliza ni kiasi gani kinabaki ukiwa likizo au ukiwa mgonjwa.
- Kama mshahara umeandikwa kwa dola na kulipwa kwa franka, uliza ni kiwango gani cha kubadilisha kitakachotumika na kinawekwa siku gani.
- CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii: mfanyakazi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 13. Nenda mwenyewe ofisini kwao ukahakikishe kwamba asbl yako ilipeleka michango kweli. Wengi wamegundua pengo la miaka siku ya kustaafu. Kuligundua wakati bado unafahamiana na mhasibu ni jambo jingine kabisa.
- Kipindi cha majaribio kiandikwe. Sheria ya kazi hairuhusu kizidi miezi 6.
- Mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka 2. Kama unatoka kwenye mkataba usio na mwisho na kwenda kwenye wa mwaka mmoja, unaacha ulinzi fulani. Huo nao una bei yake, uuhesabu.
- Matibabu ya familia: kwenye zahanati gani, na je, wazazi wako wamo?

Na likelemba, mchango wetu wa zamu. Kama zamu yako ya kupokea imeshapita na bado unadaiwa michango, mlipe kila mtu kabla hujahamia kambini. Jina lako mtaani linakwenda pamoja nawe hadi mgodini.

Barua na hesabu ya siku

Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuandika "nitaondoka mwisho wa mwezi" bila kuhesabu. Kwa mkataba usio na mwisho, sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri atoe taarifa isiyopungua siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima uliofanya. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anatoa nusu ya siku hizo.

Chukua mfano wa mtu aliyefanya miaka 8 kamili. Kwa mwajiri ingekuwa siku 14 na 56, jumla 70. Kwako wewe ni nusu yake, siku 35 za kazi. Zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya barua kupokewa, na ni siku za kazi, kwa hiyo ukizipima kwa kalenda ya ukutani utakosea. Mwambie mwajiri mpya tarehe hiyo mapema. Anayekulazimisha uondoke ghafla leo atataka nawe umwachie mwingine ghafla kesho.

Ukiwa kwenye mkataba wenye tarehe ya mwisho, mambo ni tofauti: kuuvunja katikati kunaweza kukuletea madai ya fidia. Zungumza na mkurugenzi mkubaliane kwa maandishi, au subiri tarehe ifike.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Barua fupi, ukurasa mmoja: tarehe ya kuondoka, shukrani, ahadi ya kukabidhi kazi. Malalamiko usiyaweke humo. Kama unayo, yaseme kwa mdomo.
2. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Itunze.
3. Omba hesabu yako ya mwisho: mshahara, likizo usizochukua, madeni ya pande zote.
4. Omba cheti cha kazi. Ni haki yako na wala si zawadi ya mkurugenzi, na kinataja aina ya kazi uliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza.

Nani aambiwe kwanza

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilimwambia mkurugenzi, vizuri. Niliwaambia wenzangu, vizuri. Vijiji nikavisahau, au tuseme niliona aibu kwenda. Nilijiambia mrithi wangu atawaeleza. Katika kijiji kimoja njia ya Likasi, ambako kwa miaka mingi nilikula bukari kwenye sahani moja na wazee, habari zilifika kupitia dereva: "Yule wenu amehamia kwa wenye mgodi." Niliporudi baada ya miezi mitatu, nikiwa na koti la kampuni, shefu wa kijiji hakunikaribisha kiti. Aliniambia kwamba mtu anayehama huaga, na anayetoroka ndiye asiyeaga. Ilinichukua mwaka mzima kupata tena kiti kile, na katika mwaka huo mama mmoja ambaye kisima chake kiliharibika hakuja kuniambia, kwa sababu hakujua tena mimi ni nani.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu:

1. Mkurugenzi, ana kwa ana, kabla ya mtu mwingine yeyote wa ofisini. Asisikie kwenye WhatsApp.
2. Timu yako, siku hiyohiyo au kesho yake.
3. Wafadhili na washirika, kwa makubaliano na mkurugenzi.
4. Vijiji na vikundi vya wakulima, wewe mwenyewe, kwa miguu yako, ukiwa na mrithi wako au mtu wa shirika. Sema unakwenda wapi na nani atakulipa. Usipambe.

Hapo watakuuliza maswali makali. Yajibu papo hapo. Kama hujui jibu, sema hujui.

Usivyoruhusiwa kubeba

Nakuomba usome sehemu hii mara mbili.

Katika miaka yako kwenye asbl, watu walikuambia mambo. Kibarua wa mgodi alikueleza bomba linapovuja. Mwalimu alikupa picha. Mjane alisaini malalamiko akitumia jina la mtoto wake aliyeajiriwa kwenye kampuni hiyohiyo. Waliliambia shirika kupitia kwako. Unapovuka kwenda upande wa pili wa meza, siri hizo hazivuki nawe. Ujuzi wa kupanga mkutano ni wako, na Kibemba chako ni chako, lakini orodha ya majina ya waliolalamika si yako.

Kabla ya siku ya mwisho:

- Kabidhi faili zote kwa orodha iliyosainiwa na wawili, wewe na anayepokea.
- Futa kwenye kompyuta na simu yako majina, namba, picha, sauti zilizorekodiwa na ramani za walalamikaji. Fanya hivyo mbele ya mtu wa shirika.
- Rudisha laini ya simu ya shirika. Kama watu walizoea kukupigia kwenye namba yako binafsi, wape namba ya mrithi wako mmoja mmoja.
- Toka kwenye makundi ya WhatsApp ya kazi, na kama wewe ndiye msimamizi wa kundi, kabidhi usimamizi kwanza. Kuondoka kimya na kubaki ukisoma ni upelelezi, hata kama nia yako ni njema.
- Usichukue mpango wa mradi ambao haujapelekwa kwa mfadhili.

Utasema: "Lakini nikijua nani ameathirika nitamsaidia haraka." Hapana. Ukifika mgodini na orodha mkononi, kuna mtu atakayeiona juu ya meza yako, na huwezi kumchagua mtu huyo. Ukitaka kusaidia, hakikisha utaratibu wa malalamiko wa kampuni unafanya kazi, kisha waalike watu waje kwa hiari yao, kwa jina lao au bila jina.

Na kama katika mahojiano ya kazi mtu akikuuliza, hata kwa kucheka, nani aliandika ripoti fulani ya shirika lako au nani kijijini alitoa taarifa, jibu kwamba hilo haliko kwenye kazi unayoomba. Akirudia mara ya pili, shukuru, funga daftari, uende nyumbani. Hapo wamekuja kununua wenzako, na wewe ni njia tu.

Jambo la mwisho hapa. Kama asbl yako ina mgogoro wa wazi na kampuni inayokuajiri, omba iandikwe kwenye mkataba au kwenye barua kwamba hutashughulikia faili hiyo kwa muda mtakaokubaliana. Lipe shirika lako nakala. Karatasi hiyo moja itakulinda na pande zote mbili.

"Wataniita msaliti?"

Baadhi watakuita hivyo. Siwezi kukuahidi vinginevyo.

Katika mji uliojengwa juu ya tanuri la shaba lililoanza kazi 1911, kila familia ina mtu aliyelishwa na mgodi na mtu aliyeumizwa nao, na mara nyingi ni mtu huyohuyo. Hasira ya wenzako ina sababu. Wameona watu wakienda na kunyamaza. Usibishane nao siku ya kuagana. Watakutazama miaka miwili, kisha wataamua.

Ila usikubali wazo kwamba mazingira yanalindwa na mashirika peke yake. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo vya watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga, vikionyesha kobalti nyingi kupita kiasi mwilini. Kabla ya hapo watu walilalamika na kujibiwa kwamba hawana ushahidi. Baada ya hapo ushahidi ulikuwapo, na umetoka kwenye maabara. Pale Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda uliharibu udongo hadi nyasi zikaisha, wataalamu wa kilimo wa UNILU wamejaribu kuufunika tena udongo kwa nyasi ndogo ya huku kwetu, Microchloa kunthii, inayovumilia shaba. Watu hao hawakubeba bango, lakini kazi yao imewapa wabeba bango kitu cha kushika.

Unachojua na usichojua

Watu wa asbl tunajua kusema. Kupima hatujui. Pengo hilo litakuaibisha wiki ya kwanza usipoliziba, kwa hiyo anza katika siku za taarifa ya kuondoka:

- Jifunze kusoma karatasi ya maabara: pH, sulfati, shaba, kobalti, manganizi. Ujue kipimo gani kinaruhusiwa na kimetoka kwenye kanuni ipi.
- Jifunze kuchukua sampuli: chupa gani, ijazwe vipi, iwekwe kwenye baridi, iandikwe saa na mahali, isainiwe na kila anayeishika. Sampuli isiyojulikana imepita mikononi mwa nani ni maji ya kunawia tu.
- Jifunze QGIS. Ni programu ya bure ya kuchora ramani, na vijana wengi wa UNILU wanaweza kukufundisha kwa wiki mbili.
- Soma mwenyewe sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 na kanuni za migodi zilizorekebishwa 2018. Usitegemee kusimuliwa.
- Kama kambini watu wanazungumza Kiingereza au Kichina, jifunze walau maneno ya hatari: simama, inavuja, funga, tindikali.

Na unavyo vitu ambavyo mhandisi hana. Nimekaa kwenye mkutano ambapo mtaalamu alizungumza dakika kumi kwa Kifaransa juu ya "effluents", na watu wakapiga makofi kwa heshima. Kisha mama mmoja akauliza: "Ile mayi ya kiwanda, batoto banaweza kunawa nayo?" Mtaalamu hakulielewa swali. Mtu wa asbl alilielewa, akalitafsiri, na jibu la kweli likawa "hapana". Bila mtu huyo watu wangerudi nyumbani na makofi yao, na watoto wangeendelea kunawa. Ukiandika barua ya kuomba kazi, eleza uwezo huo kwa mfano halisi kama huu. Usiandike "nina uzoefu wa jamii". Kila mtu anaandika hivyo.

Miezi mitatu ya kwanza

Haya ndiyo makosa niliyoyaona, kwangu na kwa wengine:

- Kuhubiri katika kila kikao. Baada ya mara ya tatu hawakusikilizi tena, na siku ya jambo kubwa umeshaishiwa sauti.
- Kunyamaza kabisa kwa sababu ya kipindi cha majaribio. Chagua jambo moja dogo lenye ushahidi, lisukume hadi limalizike. Kwangu lilikuwa tangi la mafuta lililokosa ukuta wa kuzuia mafuta yasimwagike.
- Kusaini vipimo ambavyo hukuona vikichukuliwa. Usisaini. Mkubwa wako akikulazimisha, andika chini ya saini kwamba hukuwapo.
- Kutoweka kumbukumbu. Kila onyo unalotoa kwa mdomo, lirudie kwa barua pepe jioni: tarehe, mahali, ulichoona, ulichoomba. Mistari mitatu inatosha.
- Kubadilisha maisha kwa mshahara wa kwanza. Ishi miezi sita kwa kipato cha asbl na uweke tofauti. Akiba hiyo ndiyo itakayokupa ujasiri wa kusema hapana.

Ziara ya kwanza kijijini nenda bila msafara. Sema waziwazi: "Kuanzia sasa nalipwa na kampuni. Mkiniambia jambo, mnaliambia kampuni." Sentensi hiyo ni ngumu kuitoa mdomoni, lakini inawapa watu nafasi ya kuchagua wakuambie nini.

Msimu wa kuingia

Mwisho, angalia kalenda. Huku kwetu mvua inakuja kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, na bwawa lililotulia wakati wa kiangazi linaweza kujaa kwa usiku mmoja. Novemba 2025 maji kutoka bwawa la kiwanda cha madini yaliingia kwenye mitaa ya Lubumbashi, na serikali ikakisimamisha kiwanda hicho. Waliokuwa wakilala mitaani humo hawakuwa na haja ya kujua nani yuko asbl na nani yuko kampuni.

Ndugu yangu, ukianza kazi mwaka huu, usisubiri Novemba ukiwa ofisini. Vaa buti Septemba, uzunguke kuta zote za bwawa kwa miguu, upige picha kila ufa, na upeleke orodha kwa mkurugenzi mkuu kwa maandishi.